Nani, au Kwa Nini? Kumchagulia Msomaji Riwaya ya Siri za Ukoo
Mhadhara uliotolewa Tanga

Mama zangu, baba zangu, vijana, karibuni.

Tuko Tanga, basi tuanze na mtu wa hapa. Katika Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952, Shaaban Robert anatuonyesha liwali anayesifika kwa uadilifu na huruma. Mtu huyo huyo kila usiku huwachapa manyani wawili mijeledi, kisha hulia. Mjumbe wa mfalme anayaona hayo kwa kificho na anastaajabu. Sasa angalieni jalada: jina la kitabu limekwisha kutudokezea manyani wale ni akina nani. Hata hivyo hatukiweki chini, maana bado hatujajua kwa nini.

Anayekuja kuomba “kitabu chenye siri” anaweza kuwa anataka moja kati ya mambo mawili, na mara nyingi mwenyewe hajui ni lipi. Kuna siri ya “nani”: nani kaua, nani kaiba. Mtu wa namna hii mpeni hadithi za mpelelezi Bwana Msa, za Muhammed Said Abdulla, aanze na Mzimu wa Watu wa Kale wa 1960. Kama anataka kukimbizana zaidi kuliko kufikiri, mpeni Mkimbizi ya Hussein Tuwa. Hao hawana shida, sitawasemea sana.

Shida iko kwa siri ya “kwa nini”, ambayo ndiyo siri ya ukoo. Humo mkosaji mnakula naye sinia moja. Kila mtu nyumbani anajua kipande, hakuna anayesema, na taharuki inatokana na swali la nani ataumia jambo likifichuka. Ukimpa msomaji wa “nani” kitabu cha “kwa nini” bila kumwambia, atakurudishia kabla hajafika ukurasa wa 40 na kusema hakuna kinachotokea. Basi kabla ya kutaja jina lolote muulizeni: kitabu gani cha mwisho ulikiacha njiani, na ulikiachia wapi? Jibu hilo lina faida kuliko orodha ya vitabu alivyovipenda. Aliyeacha kwa sababu “wanaongea tu” ni mtu wa “nani”. Aliyeacha kwa sababu “nilishajua mwisho” mara nyingi ni mtu wa “kwa nini” aliyepewa kitabu kisicho chake.

Kwa Mtanga anayeanza, chaguo langu la kwanza ni Siku Njema ya Ken Walibora, ya 1996. Kongowea analelewa hapa Tanga na mama yake, Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu. Baba hayupo. Mama anapofariki, kijana anavuka kwenda Kenya kumtafuta baba huyo. Kiswahili chake hakichoshi, na swali ni moja tu, kwa hiyo msomaji hapotei. Ndiyo maana nakiweka mbele ya Kidagaa Kimemwozea, cha mwandishi huyo huyo, 2012, ambacho kina maswali kadhaa kwa pamoja: mswada wa Amani ulioibwa, kitoto kichanga kilichoachwa kwake, na mambo ya Mtemi Nasaba Bora. Ni kitabu kizuri, ila kinamtaka mtu aliyekwisha kuzoea kushika nyuzi nyingi.

Kisha Utengano ya Said Ahmed Mohamed. Ni ya 1980 na baadhi yenu mtasema ya zamani. Nabishana nanyi. Sijui riwaya ya Kiswahili inayoionyesha vizuri zaidi nyumba yenye heshima kwa nje na uozo kwa ndani. Bwana Maksuudi anamfungia binti yake, Maimuna, asione hata njia. Maisha ya nyuma ya Maksuudi mwenyewe ndiyo yanayokuja kumdai. Mshikeni Bi Farashuu tangu anapoingia kama mkunga. Msidhani ni bibi wa kupita tu.

Wasomaji wengi wa Utengano hukwama kwa majina. Nani mke wa sasa, nani aliyetangulia, nani mama wa nani. Likitajwa jambo la zamani, msomaji amesahau linamhusu nani, na pigo zima linapita bure. Dawa yake ni kipande cha karatasi ndani ya kitabu: kila jina jipya liandikwe pamoja na uhusiano wake na ukurasa lilipotokea. Majina kumi hivi yatatosha.

Kwa wanaosoma Kiingereza kuna Gravel Heart ya Abdulrazak Gurnah, ya 2017. Salim anaanza kwa kutuambia kwamba baba yake hakumtaka. Baba kahama nyumba, anaishi chumba cha kupanga. Mama bado anampikia, na mtoto ndiye anayebeba chakula kumpelekea. Kwa nini mke aliyeachwa apike kila siku? Jibu linakawia sana. Mwambieni msomaji mapema kwamba litakuja, na kwamba asitafute jambazi. Asiyesoma Kiingereza asome Peponi, yaani Paradise ya Gurnah huyo huyo katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota 2022. Kwa nini mtoto Yusuf kapelekwa kwa mfanyabiashara Ami Aziz, hilo linajulikana mapema. Kinachobaki ni bustani yenye ukuta na watu waliomo ndani yake. Na kwa By the Sea, ya Gurnah pia, ya 2001, onyo moja: watu wawili wanaisimulia habari ya nyumba moja, kila mmoja kwa upande wake. Anayemwamini wa kwanza moja kwa moja atajiona kadanganywa. Aambiwe asihukumu mpaka wa pili amalize kusema.

Sasa yanayoharibu. La kwanza ni utangulizi. Vitabu vyetu vingi hufunguliwa na msomi anayeeleza kisa chote, kwa nia njema kabisa. Rukeni, mje kuusoma mwisho. La pili ni mwongozo wa mtihani: Utengano na vitabu vya Walibora vimefundishwa shuleni, na mwanafunzi aliyeanzia kwenye mwongozo amekwisha kuinyang’anya riwaya siri yake. Mtu kama huyo msimrudishe kwenye kitabu kile kile. Mpeni kingine cha mwandishi huyo. La tatu ni nakala mbovu. Kurasa hufungwa kwa mafungu, mara nyingi ya 16 au 32, na fungu moja likikosekana mnaweza kukosa sura iliyobeba siri yote. Mnaponunua mtumba, pitieni namba za kurasa mpaka mwisho kabla ya kutoa hela.

Mkisoma kwa kikundi, watu 6 hadi 8, kateni usomaji pale swali linapozuka, si pale sura inapokwisha, na aliyetangulia asikae mbele akitabasamu. Na mkimwazima mtu Utengano, toeni kwanza ile karatasi ya majina, kwa sababu aliyemaliza kitabu huwa amekwisha kuandika juu yake nani ni nani.