Ukuta wa Babu Unataka Kupumua

Shikamooni wazee, habari zenu vijana. Nimekuja na kipande cha lipu. Naomba mpokezane mkione. Kimetoka chumbani kwa mama, katika nyumba aliyotuachia babu, hatua chache kutoka Ziwa Victoria. Mbele rangi ya mafuta bado inang'aa. Kigeuzeni. Huo unga mweupe ni chumvi.

Mtashangaa, maana ziwa letu ni la maji baridi. Chumvi hii imetoka ardhini na ndani ya saruji yenyewe. Ukuta wa babu ni wa mawe, udongo na chokaa, na msingi wake hauna kizuizi cha unyevu. Maji hupanda ukutani, kisha hutoka taratibu kwa kupitia chokaa. Sisi tukaja tukauziba kwa saruji, tena tukapaka rangi ya mafuta, tukiamini tunaupendezesha. Maji yakakosa pa kutokea. Mwaka 2020, ziwa lilipopanda hadi kupita rekodi ya 1964, uani palilowa miezi mingi. Lipu ikafura kama andazi, na usiku mmoja ikaangukia kitanda cha mama. Mungu saidia, alikuwa Sengerema msibani.

Basi tulibandua saruji yote kwa tindo, polepole, tukauacha ukuta upigwe na upepo kiangazi kizima. Ndipo tukarudisha chokaa: ndoo moja kwa ndoo tatu za mchanga safi uliochekechwa, tabaka jembamba juu ya jembamba. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa, kwa hiyo haitaki haraka. Kila tabaka tulilifunika kwa magunia mabichi siku kadhaa. Fundi akikwambia kesho anamaliza, mkatalie. Na jamani, kingeni macho, chokaa inaunguza vibaya.

Rangi ya mafuta hatukuirudia. Chini ya saruji tulikuta samawati iliyofifia, nikamkumbuka bibi akikoroga chokaa na buluu ya kufulia ndani ya karai kila inapokaribia sikukuu. Tumeikoroga vilevile, mama mwenyewe akionja rangi kwa kidole ukutani mpaka akasema, hiyo hiyo.

Amesharudi chumbani kwake. Asubuhi napitisha kiganja chini ya dirisha, pale palipofura. Pakavu. Mwenye swali aanze, na mwenye unga kama huu kwake asione haya kusema.