GDL si LLB: hesabu masomo 16 kabla hujalipa ada

Assalaam aleikum, hamjambo nyote. Wa Mombasa, wa Kwale, wa Dar, na nyinyi mlioko Doha na Muscat mnaonitumia sauti usiku wa manane, karibuni jikoni kwangu Leeds. Leo sina mandhari ya kuwaonyesha. Nje mvua, saa kumi jioni na giza limeshaingia. Nina karatasi mbili hapa mezani na kalamu ya rangi ya manjano. Basi.

Kuna binti wa Malindi aliniandikia wiki jana. Ana shahada ya biashara, amepata nafasi ya kuja kusoma diploma ya sheria huku Uingereza, na baba yake yuko tayari kuuza ng'ombe. Swali lake ni moja: "Dada, nikimaliza hiyo diploma, nikirudi nyumbani nitakuwa wakili?" Nimelisoma mara tatu. Hilo ndilo swali nililopaswa kuuliza mimi kabla sijaanza, na sikuuliza. Kwa hivyo mwanangu, video hii ni yako, na jibu ni hapana. Kwa diploma peke yake, hapana. Na hata ukiigeuza ikawa LLB kamili, yaani shahada ya kwanza ya sheria, bado unaweza kufika Nairobi ukaambiwa kazi umeifanya nusu. Nitawaeleza kwa nini.

Waingereza wana utaratibu wao. Mtu aliyesoma historia, muziki, biolojia, chochote kile, anaruhusiwa kuhamia kwenye sheria bila kuanza shahada upya. Anasoma mwaka mmoja wa kukimbizana, au miwili kama ana kazi, na mwisho anapewa Graduate Diploma in Law. GDL. Wakubwa zetu waliisoma ikiitwa CPE. Ndani yake mna masomo 7 ya msingi: mikataba, torti (makosa ya madai yasiyo ya jinai), jinai, sheria ya katiba na utawala, ardhi, haki-usawa na amana (equity na trusts), na sheria ya Umoja wa Ulaya.

Mimi niliisoma kwa miaka miwili. Shahada yangu ya kwanza ni ya jiografia, niliichukulia Kenya, na wakati ule ilinibidi kwanza nipate cheti cha kuthibitisha kwamba shahada ya kwetu ina uzito sawa na ya kwao. Usiku nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Zamu inaisha saa moja asubuhi, Jumamosi naenda darasani moja kwa moja, nikiwa bado na sare ya kazi chini ya koti. Sikuchoka moyo hata siku moja, na sababu nawaambia wazi: nilikuwa na bahasha.

Bahasha yenyewe iko kwa mama, Kwale. Ndani mna karatasi za shamba la babu. Ninyi watu wa pwani hamhitaji maelezo marefu. Tangu ile sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, ardhi ya mwambao imekuwa na wenye karatasi wasiokaa na wanaokaa wasio na karatasi. Babu alipanda minazi pale, akafa pale, na mpaka leo mama anaishi na hofu kwamba siku moja atakuja mtu na hati. Mimi nilitaka niwe wakili nirudi. Sikuwa na haja ya ofisi yenye vioo London.

Sasa, darasani nilipofika kwenye mikataba nilifarijika sana. Sheria yetu ya Mikataba Kenya, sura ya 23, yenyewe inasema kanuni za mikataba za Uingereza ndizo zitakazotumika kwetu. Na sheria ya mahakama inatuunganisha na sheria za jumla za Kiingereza kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897. Yule mama na konokono aliyemkuta kwenye chupa ya soda ya tangawizi kule Paisley, kesi maarufu ya torti ya mwaka 1932, mawakili wa Nairobi bado wanamtaja. Nikasema moyoni, kumbe ninasoma sheria ya kwetu! Hapo ndipo nilipojidanganya. Kufanana kwa kanuni ni jambo moja, na kukubaliwa kwa cheti ni jambo jingine kabisa.

Mwaka wa pili nikaanza kuuliza uliza. Nikaisoma sheria ya mwaka 2012 ya Kenya School of Law, chuo kinachowaandaa mawakili wa Kenya, ile jedwali ya pili ya masharti ya kuingia. Neno lililoandikwa pale ni LLB. Haisemi diploma, haisemi "au kinacholingana nacho kule Uingereza". Diploma hii huku inakufungulia njia ya uwakili, lakini ukivuka maji haina jina la shahada ya sheria, na wa kwetu wanatafuta jina hilo kwanza.

Bahati ni kwamba vyuo kadhaa huku vina njia ya kuigeuza. Ukishafaulu GDL, chuo kinahesabu shahada yako ya mwanzo pamoja na yale masomo 7, kisha kinakudai nyongeza kidogo: somo moja au mawili ya sheria, au tasnifu, au vyote. Ukifaulu unavikwa joho la LLB. Muhimu mjue kwamba mara nyingi ni lazima iwe chuo kile kile kilichokupa GDL, na vingine vinaweka ukomo wa miaka. Kwa hivyo anayefikiria, asikae akilala na cheti kwenye droo.

Mimi niliongeza somo moja na tasnifu. Nilimwuliza mshauri wa wanafunzi pale chuoni nichukue somo gani, akaniambia chukua unalolipenda, LLB ni LLB. Nikachukua sheria ya vyombo vya habari, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza hizi video na nililiona linanifaa. Ada yake ilikula mshahara wangu wa miezi miwili. Nikahitimu, nikapiga picha, mama akaiweka ukutani karibu na picha ya Kaaba.

Sasa tazameni karatasi hizi. Nazisogeza karibu na kamera. Hii ya kushoto ni transkripti yangu, yaani orodha ya masomo niliyosoma na alama zake. Hii ya kulia nimeiandika kwa mkono, ni yale masomo 16 ambayo kanuni za mwaka 2016 za Baraza la Elimu ya Sheria, CLE, zinayadai kwa kila shahada ya sheria. Nimeyapaka manjano yale ambayo GDL inayagusa. Mikataba, manjano. Torti, manjano. Jinai. Katiba. Utawala, maana Wakenya wameyatenga haya mawili na Waingereza wanayafundisha kwa pamoja. Ardhi na mali. Haki-usawa na amana. Saba. Sheria ya Umoja wa Ulaya niliyoisoma kwa jasho haina mahali pa kukaa kwenye orodha hii. Mifumo na mbinu za sheria, nimeipaka nusu, kwa sababu GDL huwa na utangulizi wake na inategemea transkripti yako inausemaje. Utafiti wa sheria, tasnifu inaweza kukusaidia kujenga hoja.

Halafu tazameni yaliyobaki meupe. Sheria ya ushahidi. Familia na urithi. Sheria ya biashara. Kampuni na mashirika ya biashara. Falsafa ya sheria. Sheria ya kimataifa. Sheria ya kazi. Saba meupe! Mtu ana joho, ana picha ukutani, na hajawahi kukaa darasani kufundishwa ushahidi unapokelewaje mahakamani.

Na mimi sisemi masharti haya ni ukorofi. Nayatetea. Mteja wa kwanza atakayeingia ofisini kwangu Mombasa atakuja na urithi. Baba amefariki, ameacha wake wawili, na kuna suala la kama jambo liende kwa kadhi, ambaye mahakama yake imo kwenye katiba yetu ya 2010, ibara ya 170, au liende kwenye mahakama nyingine. Nitamwambia nini kama sikusoma familia na urithi? Hata ardhi niliyoisoma huku imejengwa juu ya sheria yao ya 1925, wakati sisi tuna sheria za ardhi za 2012 na ile ya ardhi ya jamii ya 2016. Jina la somo ni moja, vitabu ni vingine kabisa. Babu yangu hamo kwenye kile cha Kiingereza.

Nilipopeleka vyeti vyangu vilinganishwe, vilitazamwa somo kwa somo, na barua ikaja na orodha ya ninayodaiwa. Ni haya haya saba meupe. Hapa ndipo roho iliponiuma, na naomba mnisikilize hapa kuliko kwingine kote. Lile somo moja nililolilipia mshahara wa miezi miwili lingeweza kuwa ushahidi. Lingeweza kuwa kampuni. Lilikuwepo kwenye orodha ya chuo, ada ile ile, siku ile ile. Ningerudi na madeni sita badala ya saba. Na kama ningejua tangu mwanzo, nisingepita njia hii kabisa.

Kwa hivyo binti wa Malindi, wewe hujalipa bado. Kama nia yako ni kurudi, kuna vyuo huku vinatoa LLB ya miaka miwili kwa mtu mwenye shahada nyingine. Wengine wanaiita senior status. Ile ina nafasi ya masomo mengi ya kuchagua, na unaweza kuingia na orodha ya 16 mkononi ukachagua ushahidi, familia, kampuni, falsafa, kazi. Inakula muda na pesa kuliko GDL, sikufichi. Lakini kuna pia University of London, ambayo tangu 1858 inaruhusu watu kufanya mitihani yake bila kukaa London, na LLB yake ina njia fupi kwa waliokwisha kupata shahada. Unasoma ukiwa Malindi, na ng'ombe wa baba baadhi watabaki zizini. Na kabla ya yote hayo, linganisha na kusoma LLB hapo hapo Kenya. Usione aibu kwamba hukupanda ndege. Masomo 16 yote unayapata, hakuna barua ya madeni.

Kama umeshamaliza GDL, basi wewe uko nilipokuwa mimi. Igeuze, maana bila LLB hata foleni ya kulinganishwa vyeti huna nafasi nayo. Lakini kila somo la nyongeza lichague kutoka kwenye yale meupe. Na weka muhtasari wa kila somo, ule wenye mada za wiki kwa wiki, kwa sababu jina la somo kwenye transkripti halionyeshi mlifundishwa nini.

Kitu kingine kinachowapoteza wengi ni LLM. Mtu ana GDL, anaambiwa "ongeza masters, utakuwa juu zaidi". LLM ni elimu nzuri, lakini haizai LLB. Vivyo hivyo siku hizi vyuo vingi vimeacha jina la GDL vinasema PGDL, na vingine vinatoa MA Law. MA ni MA. Ukiona herufi zimebadilika, uliza kwa maandishi: je, mwishoni nitatunukiwa LLB, ndiyo au hapana?

Ndugu zangu wa Tanzania, kwenu orodha si hii ya kwetu, lakini swali ni lile lile. Law School of Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2007, inataka shahada ya sheria, na cheti cha nje kinapitia kwanza TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kutambuliwa. Wa Uganda, kwa LDC (Law Development Centre) pale Kampala vivyo hivyo, LLB kwanza. Andikieni ofisi zenyewe kabla ya kulipa hata pauni moja.

Na anayetaka kubaki huku Uingereza? Yeye hana shida hii. Tangu Septemba 2021 mawakili wa kawaida, wale solicitors, wanafanya mtihani wa SQE (Solicitors Qualifying Examination). Hatua ya kwanza ni maswali 360 ya kuchagua jibu, kisha kuna hatua ya pili, na pia unadaiwa uzoefu wa kazi wa miaka miwili. Shahada ya somo lolote inatosha. Anayetaka kuwa barrister, wakili wa kusimama mahakamani, GDL bado inamfaa. Hapa hapa, diploma ile ile ina thamani yote. Kwa hivyo kabla ya kuuliza chuo kipi na ada ngapi, jiulize utavalia joho mahakama ya wapi.

Mimi ya kwangu ni Mombasa. Mnaona maboksi yale nyuma yangu? Nimeacha kazi ya usiku, wiki ya mwisho ni hii. Januari narudi kusoma yale saba, halafu Kenya School of Law pale Karen, halafu miezi 6 ya kujifunza chini ya wakili. Nina miaka 41. Nitakaa na watoto waliozaliwa mimi nikiwa sekondari, na nitakaa mbele.

Jana nimempigia mama nikamwambia somo la kwanza nitakaloanza nalo ni ushahidi. Akanyamaza kidogo, kisha nikasikia kabati linafunguliwa. Akasema ile bahasha imeingia unyevu pembeni, ameianika kivulini, na anataka kujua kama wino ukififia karatasi bado inahesabika. Nimemwambia asiiguse tena, aiweke bapa kati ya vitabu viwili, nikija nitaitazama kwa macho yangu.