"Habari za kazi?" "Nzuri." Hivyo ndivyo tunavyoifukuza bahati

Haya jamani, mambo vipi huko nyumbani? Wakubwa wote mnaonitazama, shikamooni. Niko ndani ya gari, nimepaki pembeni hapa Newton, jimbo la Massachusetts, Marekani, nasubiri zamu yangu ianze. Hita nimeizima ili mnisikie vizuri, kwa hiyo mkiona natetemeka msihangaike, ndiyo hali ya huku.

Leo najibu lile swali linalojirudia kwenye komenti: "Dada, wewe una nyota, tupe siri." Kuna mmoja kanitaka kabisa nimtaje niliyemwendea! Sijamwendea mtu. Zile meseji za mganga wa Sumbawanga na mimi nilikuwa nazipata, nikifuta. Mafuta, pete, chumvi ya kuogea, mikeka ya kubeti, hayo yote nayaweka kando. Na bahati nasibu ya Green Card, kile kibali cha kuishi Marekani, iliyotuleta baadhi yetu huku naiweka kando pia, maana ile kompyuta ndiyo ilikuwa inachagua, na ukijaza mara mbili mwaka mmoja ulikuwa unaenguliwa. Bahati ya aina hiyo huwezi kuikuza hata ukeshe. Mimi naongelea ile nyingine, ya kusikia habari unayoihitaji kutoka kwa mtu usiyemtegemea, siku ambayo ulitoka kwa shughuli yako nyingine kabisa. Wazee wetu wa pwani walishaiona: mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Anayezunguka ufukweni hatakosa kitoweo, japo hakutoka nyumbani akijua ataokota kaa au pweza.

Sasa sikilizeni kitu kuhusu mji huuhuu niliopaki. Zaidi ya miaka hamsini iliyopita, mwanasosholojia anaitwa Mark Granovetter alifanya utafiti hapa Newton kwa watu waliokuwa wamebadilisha kazi. Akataka kujua, hiyo kazi uliisikia kwa nani? Na huyo mtu mlikuwa mnaonana mara ngapi? Matokeo yakatoka mwaka 1973. Katika waliopata kazi kupitia mtu, waliokuwa wakionana naye mara kwa mara, yaani angalau mara mbili kwa wiki, hawakufika asilimia 17. Zaidi ya nusu, asilimia 55.6, walikuwa wanaonana mara mojamoja. Na asilimia 27.8 walikuwa hawaonani kabisa ila labda mara moja kwa mwaka, au hata hiyo hakuna. Najua mtasema watu wenyewe walikuwa wachache, na kweli, kwenye hesabu hiyo walikuwa 54 tu. Lakini mwaka 2022 ukatoka utafiti mwingine, wa watumiaji zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn, ule mtandao wa mambo ya kazi, na jibu likaelekea kulekule. Wanaokusaidia kuhama kazi ni wale mnaofahamiana kidogo, siyo wa ndani kabisa, na siyo wale wa mbali kabisa.

Ukikaa ukafikiri, inaingia akilini. Dada yangu, mume wangu, shoga yangu tunayepika naye wikendi, wote wanajua ninachokijua mimi. Kazi ikitoka mahali tunaisikia siku moja, tunaigombania sisi kwa sisi. Na sisi wa huku tunapenda kujifungia: kanisa letu, msikiti wetu, pilau letu, WhatsApp yetu. Mimi mwenyewe bila hao ningeshafungasha virago nirudi. Lakini kama wote tunabeba boksi, ukiuliza nafasi ya kazi utaelekezwa kwenye ghala lingine, ukabebe boksi.

Hii kozi ya uuguzi mnayoiona naisoma usiku niliipatia kwenye kufua nguo. Mtaani kwetu wengi hatuna mashine ndani, tunakwenda pale pa mashine za kulipia. Kuna mzee Mhaiti tunakutana pale, salamu tu, na kulalamikia baridi. Siku moja nakunja kanga, akauliza hayo maandishi yanasema nini. Nikamsomea, akacheka sana, akauliza unafanya kazi gani. Nikamwambia natunza wazee, natamani kusoma uuguzi ila ada imenishinda. Akaniambia binti yake yuko hospitali ambayo inawalipia wafanyakazi wake masomo, hata wale wa ngazi ya chini, nikaombe kazi pale kwanza. Basi. Mpaka leo sijui anakaa mtaa gani.

Sasa turudi kwetu. Huyu mzee angekuwa wa Magomeni, na mimi nimekutana naye gengeni, mazungumzo yangekwendaje? "Habari za kazi?" "Nzuri." "Nyumbani hawajambo?" "Tunamshukuru Mungu." Kwisha. Na kazini nimeshasimamishwa tangu mwaka jana! Adabu yetu naipenda, salamu ni salamu, hakuna anayetaka umwage machozi gengeni. Ila baada ya salamu, mbona hatusemi? Tunaogopa husuda. Tunapostiana kwenye status kila asubuhi, "ficha mipango yako, binadamu wabaya". Kuficha akiba yako, sawa. Kuficha kiwanja unachotaka kununua kabla hujalipia, sawa kabisa. Lakini mtu anayetafuta kazi akificha kwamba anatafuta kazi, sasa bahati imjue kwa harufu?

Mimi mtu wa Tanga, kwa hiyo hii lazima niisimulie. Mwaka 1963, shule ya Magamba kule Lushoto, wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu. Unachemsha maziwa na sukari, unasubiri yapoe, unaweka kwenye friji. Nafasi ni za kugombania. Kijana mmoja, Erasto Mpemba, akaona mwenzake anakimbilia friji na maziwa ambayo hata hajachemsha. Akasubiri yake yapoe? Angekosa trei. Akayaingiza ya moto vilevile. Ya kwake yakaganda kabla ya yale ya mwenzake. Hapo ni bahati tupu, hata wewe ungeweza kuipata.

Baada ya hapo ndipo penyewe. Mwalimu alimwambia umechanganyikiwa. Kwa muda akaamini. Baadaye rafiki yake muuza aiskrimu mjini Tanga akamwambia mbona sisi tunaweka ya moto ili yagande haraka. Yaani wauza aiskrimu walikuwa wanajua, ila hakuna mwenye maabara aliyewahi kuwauliza! Alipofika Mkwawa, Iringa, mwalimu wa huko naye akamgeuza kichekesho. Siku akaja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, mtu wa fizikia. Mpemba akasimama akauliza swali lilelile, wenzake wakacheka. Osborne hakukubali wala hakukataa, akarudi Dar akajaribu. Mwaka 1969 wakaandika pamoja, na leo dunia nzima kitu hicho kinaitwa kwa jina la Mpemba. Wanasayansi wanaendelea kubishana kama kweli kinatokea na kwa nini, hilo tuwaachie. Mimi namwangalia yule kijana aliyesimama akijua atachekwa, akauliza mgeni.

Kitu kingine kinaniuma, na hapa mtanisema. Vikao vya harusi. Zamani ukichangia unakwenda kikaoni, unakaa kiti cha plastiki karibu na mjomba wa bibi harusi, kumbe yuko bandarini, au ana shamba Handeni anatafuta msimamizi. Siku hizi tunatuma mchango kwa simu, jina linaingia kwenye orodha, tumemaliza. Msibani pia, rambirambi kwa simu. Mnaokoa nauli, naelewa, foleni ya Dar naijua. Ila wale watu mnaofahamiana nusunusu, mlikuwa mnakutana nao wapi zaidi ya pale?

Kuna atakayeandika hapo chini, "dada, hiyo ni koneksheni tu, kujuana." Mtoto wa mkubwa akipewa nafasi aliyostahili mwingine, huo ni upendeleo, sitaupamba. Na ni kweli mtoto wa mkubwa hata watu wake wa mbali ni mameneja, wa kwako ni wauza mitumba. Hatuanzii mstari mmoja. Lakini yule Mhaiti hakunipa kazi, hana uwezo huo. Alinipa habari, maombi nikaandika mwenyewe, usaili nikaenda mwenyewe.

Sasa, zamu imekaribia. Leo msiniandikie "hongera dada" peke yake. Andikeni uko mkoa gani, unafanya nini, unatafuta nini. Namba ya simu usiweke, wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hawalali. Na kabla hujaandika yako, soma za wenzako. Kwenye video iliyopita kuna kijana wa Makambako anauza miche ya parachichi, na komenti chache chini yake kuna mama wa Mbozi anauliza miche mizuri anaipata wapi. Hawakuonana. Nimewajibu wote wawili leo asubuhi. Mama wa Mbozi, kama unanitazama, shuka chini, kijana anakusubiri.