Mwenye Foleni

Ahsanteni. Mwenyekiti wa kikao amenikaribisha kwa maneno mengi kuliko ninavyostahili, kwa hiyo mimi naanza na aibu yangu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mmiliki wa bidhaa, kama wengi wenu, yaani yule anayepanga foleni ya kazi za timu, ipi itangulie na ipi ingoje. Timu ilikuwa ya watu 7. Bidhaa yenyewe ilikuwa programu ya simu ya kuombea mikopo kwa wanachama wa SACCOS moja ya hapa Dar es Salaam. Jina silitaji, wenyewe wapo na bado tunaalikana harusini. (Kicheko.) Tulikuwa tunakwenda kwa sprinti, vipindi vya kazi vya wiki mbili mbili, na kila sprinti ikiisha tunafanya kile kikao cha kujitazama, retro. Kila mtu anaandika kwenye vikaratasi vya njano kilichokwenda vizuri na kilichokwama, anabandika ukutani. Retro ya kwanza kikabandikwa kimoja: "Seva ya majaribio inaanguka." Ndiyo kompyuta ya kujaribia programu kabla haijawafikia wanachama. Tukaguna, tukaenda kula. Retro ya pili: "Seva ya majaribio inaanguka." Ya tatu vile vile. Ya nne, kijana mmoja hakujisumbua kuandika. Alikuwa amekitunza kikaratasi cha mara iliyopita kwenye daftari, akakibandika kile kile, tena kwa selotepu maana gundi yake ilishakauka.

Kilibandikwa mara 6. Baadaye nilikaa na kalamu nikapiga hesabu. Seva ilikuwa inaanguka kama mara mbili kwa wiki, na kila ikianguka watu wanne wanakaa nusu siku wakisubiri iamke. Hapo unapoteza siku 4 za kazi kila wiki. Kwa wiki 12 ni siku 48. Na tulipoamua kuitengeneza, watu wawili waliimaliza kwa siku nne. Siku 8 za kazi, basi.

Sasa niambieni, kosa la nani? Timu ilisema mara 6. Skramu masta, mlezi wa utaratibu huu wa sprinti uitwao Skramu, alikumbusha mpaka akachoka. Foleni ya kazi ilikuwa mkononi mwangu, na kila nilipoipanga nilitanguliza skrini mpya za kuwaonesha wakubwa. Seva haina skrini. Sijawahi kumwona mkurugenzi anapigia makofi seva ambayo haijaanguka.

Mengine yote nitakayosema leo ni matawi ya hilo. Timu haiwi bora kwa semina wala kwa fulana zenye maneno ya hamasa. Inakuwa bora siku uboreshaji unapopewa nafasi kwenye foleni, na mwenye foleni ni wewe.

Wale 17 waliokutana Snowbird, kule Utah, Februari 2001, wakaandika Ilani ya Ajaili, tamko la kutengeneza programu kwa hatua fupi fupi, waliliona hili mapema. Kanuni ya mwisho kati ya zile 12 inasema timu ijitazame kila baada ya muda na kurekebisha mwenendo wake. Tatizo ni kwamba kujitazama ni rahisi. Kurekebisha kunakula muda, na muda una mwenyewe. Mwongozo wa Skramu, ule wa Ken Schwaber na Jeff Sutherland, kwenye toleo la 2017 ulikuwa mkali: angalau jambo moja la kuboresha lililotoka kwenye retro liingie kwenye kazi za sprinti inayofuata. Toleo la 2020 likalegeza, likasema yanaweza kuingizwa. Mimi nimebaki na la 2017. Binadamu akiambiwa "unaweza", anaweza pia kuacha.

Lakini toleo hilo hilo la 2020 lilifanya jambo moja ninaloliheshimu. Liliondoa ile timu ndogo ya madevelopa, waandika programu, iliyokuwa ndani ya timu kubwa, wote wakawa timu moja pamoja na mmiliki wa bidhaa. Maana yake seva ikianguka, imetuangukia sote. Huwezi tena kusimama mlangoni na kikombe cha chai ukauliza, "Vijana, mmefikia wapi?"

Mnalijua neno deni la kiteknolojia. Alilianzisha Ward Cunningham mwaka 1992, Mmarekani aliyekuwa akitengeneza programu ya mambo ya fedha, na mfano wake aliutoa huko huko kwenye fedha: kutoa programu haraka kabla haijakaa sawa ni sawa na kukopa, na mkopo haudhuru ukilipwa mapema. Ninyi wa SACCOS, mnaona lilivyotukalia? Tulikuwa tunatengeneza mfumo wa kuwadai watu marejesho na riba, huku sisi wenyewe hatujarejesha hata senti. Kila skrini mpya ilichukua muda zaidi kuliko ya kabla yake, nami nikawa nauliza kwa nini vijana wamezembea. Hawakuzembea. Walikuwa wanalipa riba.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo ningeanza nalo kama ningekuwa wewe, kwa sababu halina gharama. Punguza kazi zilizo mikononi. Iko kanuni ya foleni ambayo John Little aliithibitisha kwa hisabati mwaka 1961, na ukienda kwa kinyozi Jumamosi utaiona kwa macho: muda wa kusubiri ni idadi ya waliomo ndani, ukigawa kwa kasi ya wanaotoka. Timu yenye kazi 18 zilizoanzwa, inayomaliza 6 kwa wiki, kila kazi itakaa humo wiki 3 kwa wastani. Ziwe 6 tu zilizoanzwa, na kasi ile ile, kila kazi inatoka kwa wiki moja. Hujamwambia mtu akimbie. Hujanunua kompyuta. Umekaa tu mlangoni ukasema, "Ngojeni kwanza waliomo watoke." Na ikitoka mapema unajua mapema kama ulikosea, ambako ndiko kujifunza kwenyewe.

Kuhusu zile pointi za kasi, ambazo timu huipa kila kazi kwa ukubwa wake na kujumlisha za zilizokwisha kila sprinti, sitakaa sana. Niliwahi kuisifia timu mbele ya wakubwa kwa kupandisha pointi. Sprinti iliyofuata pointi zikapanda tena, kazi ikabaki pale pale. Walikuwa wananipa nilichokisifia. Tuendelee.

Hapa nataka tukae. Lugha yetu ina neno "sawa", na mmiliki wa bidhaa asiyejua kulisoma ataumia. Kuna sawa ya nimeelewa. Kuna sawa ya nimekusikia, shika njia. Na kuna "sawa dada", ile inayovutwa kidogo mwishoni, ambayo maana yake ni haiwezekani, ila mimi siyo wa kukuambia. (Kicheko.) Mdogo wake anaitwa "tutajitahidi". Ukisikia "tutajitahidi" kwenye kikao cha kupanga sprinti, toa kazi moja kabla hujanyanyuka.

Sisi tumelelewa kutomkatalia mkubwa usoni, na ni malezi mazuri, siyaharibu hapa. Ila yanamfanya mwenye foleni aishi bila habari. Kijana wa miaka 23 ataniambiaje mimi, mtu anayeniamkia asubuhi, kwamba tatizo la sprinti hii ni mimi? Vitabu vinasema mjenge uaminifu. Vizuri. Mimi nilifanya vitu vidogo zaidi. Tukimaliza kupanga, kila mtu ananyoosha vidole kwa wakati mmoja, 1 mpaka 5, kuonesha anaamini kiasi gani kwamba kazi hii itaisha. Kwa wakati mmoja, ili mdogo asimtazame mkubwa kwanza. Akitokea wa 2, yeye ndiye anayepewa nafasi ya kuzungumza. Kwenye retro nazungumza wa mwisho, isipokuwa kama nina kosa langu la kutaja; hilo nalitaja wa kwanza.

Sprinti ya pili baada ya kuitengeneza ile seva, nikakuta kikaratasi ukutani: "DADA ANABADILISHA KAZI KILA JUMATANO." Herufi kubwa tupu, ili mwandiko usijulikane, ingawa kwenye timu ya watu 7 mwandiko wa nani haujulikani? Nilisimama pale nikahisi masikio yanawaka moto. Halafu nikafungua kalenda yangu. Kila Jumanne jioni nilikuwa na kikao na wakubwa wa SACCOS, na kila Jumatano asubuhi nilikuwa naingia ofisini na "kakitu kadogo tu". Nilikuwa sijioni. Tangu siku hiyo, mambo ya kikao cha Jumanne yakawa yanasubiri kupanga sprinti mpya, isipokuwa kama kuna fedha za mwanachama zinapotea. Kikaratasi chenyewe ninacho kwenye pochi, atakayetaka kukiona aje baadaye.

Kuwakatalia wakubwa, basi, wengi mnaniuliza. Mimi sijui kusema hapana kwa mkurugenzi anayenitumia ujumbe wa WhatsApp saa 4 usiku, na sidhani kama ni lazima nijue. Kesho yake naenda na foleni imechapishwa kwenye karatasi moja, naiweka mezani, namwuliza, "Bosi, hiki tukiweke mbele ya kipi?" Anaisoma. Mara nyingi anakiweka wa nne mwenyewe, kwa mkono wake.

La mwisho ni kuwatoa watu ofisini. Majaribio ya M-Pesa yalipoanza Kenya mwaka 2005, lengo lilikuwa wateja wa taasisi ya mikopo midogo walipe marejesho kwa simu. Waliokuwa wakiyafuatilia majaribio wakaona wateja wanatumiana fedha wao kwa wao. Ilipozinduliwa Machi 2007, kutuma pesa nyumbani ndiko kulikobebwa mbele. Huo uamuzi usingetoka kwenye chumba cha mikutano.

Sisi wetu ulikuwa mdogo zaidi. Kwa miezi mitatu karani wa SACCOS alikuwa analalamika kwamba maombi ya mikopo yanajirudia, mtu mmoja maombi mawili, na sisi tukasema makarani hawajafundishwa vizuri. Siku moja nikamchukua developa wetu, yule wa selotepu, tukaenda sokoni Kariakoo kukaa na mwanachama mmoja anayeuza dagaa. Jua kali. Mama akatoa simu, kioo kimepasuka pembeni, akaifunika kwa upindo wa kanga ili aone maandishi. Akajaza kiasi, akabonyeza "Tuma ombi". Hakuna kilichotokea. Mtandao pale ni wa kubahatisha na kitufe chetu kilikuwa hakibadiliki rangi wala hakisemi kitu. Akangoja, akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi, kama mtu anayegonga mlango wa jirani mzito wa kuamka. Kijana akanitazama. Hatukusema neno. Tulinunua dagaa wa shilingi 2,000, tukarudi.

Kesho yake nilipofika ofisini kitufe kilikuwa kimeshabadilishwa: ukibonyeza kinafifia, kinaandika "Tunatuma, subiri", na ombi la pili linakataliwa na seva. Hakuna kazi niliyokuwa nimeiandika. Tena wiki ile ile timu yenyewe ilipendekeza kwamba kazi isihesabiwe imekwisha mpaka ijaribiwe kwenye simu ya bei nafuu na mtandao mbovu. Mimi nilikuwa nimelisema hilo mara tatu huko nyuma, nikajibiwa sawa. Ile ya kuvutwa.

Naona mkono kule nyuma. Sema, kaka.

(Msikilizaji anauliza: na kama mmiliki wa bidhaa hana madaraka, foleni inapangwa na wakubwa, yeye anatumwa tu?)

Swali zuri, na ni hali ya wengi humu ndani. Ukweli ni kwamba hapo wewe ni karani wa foleni, na cheo kwenye kadi hakibadilishi hilo. Usianze kwa kudai madaraka. Anza na hesabu kama ile ya seva: chukua kero moja, andika kwa wiki mbili tu imekula saa ngapi za watu wangapi, kisha omba nafasi moja ndani ya sprinti moja. Moja. Ikifanikiwa, rudi na hesabu ya baada. Mimi nafasi ya kwanza niliomba kwa namna hiyo, ya pili sikuombwa maelezo, na ya tatu mkurugenzi ndiye aliyeniuliza safari hii tunatengeneza nini. Kuna ofisi ambazo hata hiyo moja hutapewa. Nimewahi kufanya kazi kwenye mojawapo, nilikaa miezi 8 nikaondoka.

Naoneshwa saa. Maswali mengine tuyachukue kwenye chai, naambiwa na vitumbua vipo.