Kalibu Walizozinunua Wakusanyaji: Mhadhara Kuhusu Vyombo vya Kioo vya Ohio

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu nyote mliofika, shikamooni, na wadogo zangu habari za mchana. Nimeombwa nizungumze juu ya vyombo vya kioo vya kale vya Marekani na watu wanaokutana kwa ajili yake. Wengi wetu hapa Columbus tumevipita mara nyingi kwenye maduka ya mitumba bila kugeuka. Leo nataka tugeuke.

Nianze na hapa hapa mjini. Kiwanda cha kioo cha Federal kilikuwa Columbus, na kati ya 1932 na 1939 kilitengeneza seti iitwayo Madrid, mashuhuri zaidi kwa rangi yake ya kaharabu. Huo ulikuwa wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi, kazi hakuna, mifuko mitupu. Mashine za viwanda vya enzi hiyo zilifyatua vyombo kwa maelfu, vikauzwa kwa senti chache. Vingine vilitolewa bure: unafungua boksi la uji wa Quaker Oats unakuta chombo ndani, au unakwenda sinema siku maalumu ya wiki unapewa sahani pale mlangoni. Familia ilikamilisha seti kidogo kidogo. Kwa haraka ile ya mashine, utaona viputo vya hewa juu yake, na mistari ya kalibu, yaani lile umbo la chuma linalokipa kioo sura yake. Mimi naipenda mistari hiyo, kwa sababu inaeleza chombo kilitoka wapi na kwa haraka gani.

Sasa twende Newark, mashariki yetu, chini ya saa moja kwa gari. Huko Augustus Heisey alifungua kiwanda chake mwaka 1896. Kazi yake ilikuwa nyingine kabisa. Mafundi walikandamiza kioo kwa mikono ndani ya kalibu, kisha wakakirudisha motoni ili moto ulambe ukingo na kuulainisha. Vyombo vingi vina alama ndogo ya herufi H ndani ya almasi. Kiwanda kilifungwa 1957, na kalibu zake zikanunuliwa na kampuni ya Imperial ya Bellaire, nayo ni Ohio hii hii.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini. Mwenye kalibu anaweza kutoa leo chombo kinachofanana na cha miaka sitini iliyopita. Mwaka 1976 Federal waliifufua Madrid kwa jina la Recollection, lakini kwa uungwana wakachora namba 76 kwenye kila chombo ili mnunuzi asidanganyike. Baadaye Federal wakafilisika. Kalibu zikaenda kwa kampuni nyingine ya kioo, Indiana Glass, na ile 76 ikafutwa. Tangu hapo anayenunua Madrid lazima awe na macho makali.

Imperial nao walifunga 1984, na kalibu za Heisey zingeweza kufuata njia hiyo hiyo. Hazikufuata. Wakusanyaji walikuwa na chama chao tangu 1971, Heisey Collectors of America, na 1985 chama hicho kilizinunua karibu zote. Watu wa kawaida waliungana wakanunua vyuma vizito, kusudi pasiwe na mtu wa kuvitumia kuwachanganya wengine. Chama hicho pia kina makumbusho Newark, na mkutano wake mkubwa wa mwaka umezoeleka kufanyika Juni.

Kwenye mikutano ya namna hii kuna mauzo, kuna mnada, kuna mafundisho. Ila mimi huwaambia watu waende kwanza kwenye meza ya utambuzi. Mtu anaweka bilauri mezani. Mjuzi haharakishi kutaja jina. Anapitisha kidole gumba ukingoni, anatafuta mshono. Anaigeuza, anatazama kitako: kama kimesagwa kikawa bapa, huo ni mkono wa fundi. Anaipeleka kwenye mwanga, anainamisha kidogo, ndipo anatafuta ile almasi. Asipoiona hakati tamaa, kwani si kila chombo cha Heisey kina alama. Vingine vilibandikwa karatasi tu, na karatasi ilitoka sinkini zamani.

Halafu mtu atatoa tochi ya ultravioleti, na sahani ya kijani iliyokuwa imetulia itawaka kijani kikali. Hiyo ina urani ndani yake, madini yenye mionzi. Ndugu zetu wa Katanga mliopo hapa, hili linawahusu: mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi, ulianza kuchimbwa 1921 kwa ajili ya radiamu, na urani iliyotoka humo iliuzwa kwa viwanda vya kauri na kioo kutia rangi. Vita vya pili vilipokuja, serikali ya Marekani ikaizuia urani kwa ajili ya bomu la atomiki, na viwanda vya kioo vikakaa bila hiyo hadi 1958. Mionzi ya sahani hizo ni midogo mno. Kuziweka kabatini hakuna tatizo.

Wanaotaka kwenda Newark waandike majina kwenye karatasi iliyo kwa katibu, tupange magari. Mwenye chombo nyumbani asichokijua aje nacho, akifunge vizuri kwa taulo. Karibuni kwa maswali.