Jinsi ya Kumpima Mtoto Mwenye Saratani Wodini Kabla Hajazidiwa

Hamjambo wenzangu. Video hii ni ya wauguzi wa wodi za watoto, hasa nyinyi mnaokesha wawili tu na wodi imejaa. Mimi nipo Tanga. Watoto wetu wenye saratani, wa hapa mjini na wa Muheza, Handeni na Lushoto, wengi huanzishiwa matibabu Muhimbili, Dar es Salaam. Wakirudi nyumbani katikati ya dozi wakashikwa na homa, wanaletwa kwetu. Leo nawaonyesha namna ya kumpima mtoto kwa alama, ili tujue anaelekea kuzidiwa wakati bado tuna nafasi ya kumsaidia.

Kwa nini hawa? Dawa za saratani hushusha chembe nyeupe za damu, na mara nyingi hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Siku hizo kidonda hakitungi usaha, kifua chenye nimonia kinaweza kusikika safi, na dalili pekee ikawa homa. Asubuhi mtoto anachezea simu ya mama, alasiri amelegea. Tena mwili wa mtoto hujitahidi sana: moyo unakwenda mbio, pumzi zinaongezeka, na presha inabaki pale pale mpaka karibu na mwisho. Ukisubiri presha ishuke ndipo ushtuke, umechelewa.

Msidhani huu ni utaratibu wa hospitali zenye mashine kila kitanda. Hospitali ya saratani ya watoto ya Guatemala, UNOP, iliutumia ikishirikiana na St. Jude, hospitali ya watoto ya Memphis, Marekani, kisha ukasambaa Amerika ya Kilatini. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya hospitali 32 katika nchi 11 za huko: vifo vya watoto waliozidiwa wakiwa wamelazwa vilishuka kutoka 1.33 hadi 1.09 kwa kila siku 1,000 za kulazwa. Kiini chake ni karatasi, mafunzo, na makubaliano ya nani aitwe na lini. Hayo tunayaweza.

Haya, vifaa. Saa yenye mshale wa sekunde, kipimajoto, oksimita, yaani kipimo cha oksijeni kwenye damu, yenye kibanio cha kidole cha mtoto, mpira wa presha wa saizi ya mtoto, karatasi ya alama na kalamu. Kama wodi ina oksimita moja, ipewe mahali pake pa kudumu, isifungiwe kabatini na aliyetoka zamu.

Hatua ya kwanza: pumzi. Usimguse mtoto bado. Ukianza na kipimajoto atalia, na mtoto anayelia huwezi kumhesabia. Mwache mapajani kwa mama, omba kanga ifunuliwe kidogo, simama pembeni utazame tumbo na kifua. Hapa kwenye picha ni mtoto wa mwenzetu, mzima wa afya, mama yake ameridhia turekodi. Tazameni: tumbo linapanda, moja. Linapanda tena, mbili. Hesabu dakika nzima. Najua kishawishi cha kuhesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4, nami naomba sana tuache, kwa sababu watoto hawapumui kwa mpangilio sawa. Kosa la pumzi 2 linageuka kuwa kosa la pumzi 8.

Mtoto wa mwaka 1 hadi 5 anayefikisha pumzi 40 kwa dakika anapumua haraka. Wa miezi 2 hadi 11, ni 50. Sasa acha idadi, tazama jitihada ya kupumua: pua zinatanuka? Ngozi kati ya mbavu inabonyea ndani? Kichwa kinatikisika kila anapovuta hewa? Anakoroma? Toa alama 0 kama yuko sawa, 1 kama amebadilika kidogo, 2 kama anahangaika, 3 kama anapambana. Karatasi yenu ina maelezo ya kila alama kulingana na umri. Fuateni hayo, msikisie.

Hatua ya pili: moyo na mzunguko wa damu. Hesabu mapigo, nayo dakika nzima. Kisha shika mkono: una joto au wa baridi? Bonyeza ukucha sekunde chache, achia, tazama rangi ikirudi. Kawaida hurudi ndani ya sekunde 2. Ngozi zetu nyeusi hazionyeshi weupe upesi, na watoto hawa wengi wana upungufu wa damu, kwa hiyo nenda dirishani au washa tochi, na ukipata shaka kwenye ukucha bonyeza wayo wa mguu. Presha pima pia, uiandike. Alama tena ni 0 hadi 3.

Hatua ya tatu: ufahamu na tabia. Anacheza au amelala usingizi wa kawaida, 0. Analialia lakini anabembelezeka, 1. Habembelezeki, 2. Amelegea, amechanganyikiwa au haitikii vizuri, 3. Mtoto aliyelala kimya saa nane ya usiku usimpite kwa kuogopa kumsumbua. Mguse, muite jina lake, aamke akutazame.

Hatua ya nne ndiyo nataka tukae nayo: wasiwasi wa mama. Kwenye karatasi ina alama 1 kamili, na muuguzi naye ana alama yake 1 akiwa na wasiwasi, hata kama hawezi kueleza kwa nini. Mtoto wa saratani kuchoka ni kawaida. Wewe umemuona leo jioni. Mama, bibi au shangazi anayemuuguza ndiye anayejua uchovu wa jana ulikuwaje na wa leo ukoje.

Lakini angalieni namna ya kuuliza. Ukisema, "Mama Salma, mtoto anaendeleaje?" atakujibu, "Hajambo sista, tunamshukuru Mungu." Ndivyo tulivyolelewa. Salamu hujibiwa kwa uzima, na mgonjwa husemwa ana nafuu hata akiwa hoi. Zaidi ya hapo wapo akina mama wanaoogopa kuonekana wasumbufu. Basi salimianeni kwanza, mmalize, halafu keti kitandani uulize hivi: "Mama, ukimtazama leo, kuna jambo linalokutia wasiwasi ambalo jana halikuwapo?" Nyamaza umsubiri. Akisema, "Leo hataki hata uji, na ananitazama kama hanioni," andika alama 1, na maneno yake yaandike kama alivyoyasema. Siku ya kulazwa mwelezeni kabisa kwamba ana haki ya kuwaita saa yoyote, na akiwaita mpime upya.

Hatua ya tano, jumlisha. 0 hadi 2 ni kijani: endelea kupima kama kawaida, kila saa 4. 3 au 4 ni njano: mwite mkuu wa zamu, daktari aarifiwe aje amtazame, na upime mara nyingi zaidi. 5 na kuendelea ni nyekundu: daktari anakuja sasa hivi. Sehemu moja peke yake ikipata 3, usitulie kwa kuwa jumla ni ndogo, mwite daktari. Dakika za kumsubiri kwa njano na kwa nyekundu wodi yenu ikubaliane na madaktari, ziandikwe ukutani pamoja na jina la pili la kupigiwa wa kwanza asipopatikana.

Tufanye mfano. Mtoto wa miaka 4, ana uvimbe wa taya wa saratani iitwayo Burkitt, siku ya 9 baada ya dozi. Pumzi 42 bila kuhangaika: 1. Mkono wa baridi, ukucha unachelewa kidogo: 1. Anakutazama, anaongea: 0. Jumla 2, kijani. Sasa muulize mama. Anasema hajakojoa tangu adhuhuri. Alama 1, jumla 3, njano. Daktari anaitwa.

Simu usipige kwa kusema "njoo umuone mtoto." Sema: "Daktari, ni mtoto wa kitanda cha 6, miaka 4, Burkitt, siku ya 9 baada ya dozi. Saa kumi alikuwa na alama 1, sasa ana 3. Mikono ya baridi, mama anasema hajakojoa tangu adhuhuri. Naomba uje umtazame sasa." Andika saa uliyopiga na alichojibu.

Homa ina sheria yake nje ya jumla. Joto la 38.3 mara moja, au 38.0 lililodumu saa nzima, kwa mtoto aliye kwenye dawa za saratani ni dharura hata alama zikiwa 0. Antibaiotiki ya mshipani iingie ndani ya dakika 60. Dozi ya kwanza iwe wodini, ndugu wasitumwe duka la dawa usiku. Joto pima kwapani, kamwe si njia ya haja kubwa, kwa sababu mkwaruzo mdogo pale unaingiza wadudu kwenye damu.

Mkikabidhiana zamu, anzeni na watoto wa nyekundu na njano, mkiwa mmesimama kitandani, si mezani.

Na ikibidi mtoto apelekwe Muhimbili, msimtoe kabla hajatulizwa: oksijeni, dripu na antibaiotiki viwe vimeanza. Barabara ni zaidi ya kilomita 300. Nakala ya karatasi iwe mkononi mwa muuguzi anayesindikiza. Ampime kabla gari halijawashwa, ampime tena Segera, na tena Chalinze, kila mara aandike alama na saa, na mbele yake aandike alichokifanya.