Siku Moja Kwenye Matete ya Minsmere

Walimu wangu, na ninyi ndugu zangu waongoza watalii, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie kutazama ndege huko mashambani Uingereza. Sitazunguka nchi nzima. Nitawapeleka mahali pamoja tu, Minsmere, pwani ya Suffolk upande wa mashariki, siku moja ya mwezi Mei. Ninyi mmezoea kuongoza wageni mahali ambapo ndege ni wengi kuliko muda wa kuwatazama. Kule, karibu kila ndege mkubwa niliyemwona siku ile aliwahi kutoweka nchini au kubakiza pumzi moja, na yupo leo kwa sababu kuna watu walioshughulikia maji. Maji ndiyo habari yangu ya leo.

Mwezi Mei kule kunakucha mapema, saa kumi na moja alfajiri jua liko tayari. Tuliingia kwenye kibanda cha mbao kilichoelekea matete, tukafungua kidirisha chembamba, tukanyamaza. Wenzangu wengi walikuwa wazee wastaafu, kila mmoja na darubini yake na daftari. Hakuna aliyeuliza tutaona nini.

Sauti iliyonisisimua ilikuwa ya ngojamaliko dume. Ni jamaa wa korongo na yangeyange, ila rangi yake ni ya majani makavu yenye michirizi, na akisimama ndani ya matete huwezi kumtofautisha nayo. Dume huvuta pumzi, akajaza koo, kisha akatoa mvumo mzito kama mtu anayepuliza mdomo wa kibuyu kitupu. Husikika kilomita kadhaa. Mwaka 1997 nchi nzima walihesabiwa madume 11 tu wanaovuma. Siku hizi wamezidi 200.

Waliongezekaje? Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana wengi wetu tunadhani kuhifadhi ni kuzungushia uzio na kuondoka. Matete yakiachwa, kila mwaka hufa, yakaanguka, yakaoza. Mabaki yanajazana, sakafu ya bwawa inapanda, maji yanapungua, vichaka vinaingia. Samaki wakiondoka, ngojamaliko hana chakula. Basi wakaleta mashine, wakachimba na kuushusha udongo, wakakata mifereji ya samaki kupita, wakawa wanafyeka matete kwa zamu, kipande baada ya kipande. Kina cha maji kinaongozwa kwa milango inayofunguliwa na kufungwa kulingana na msimu. Ukisimama pale unaona kinamasi cha asili kabisa. Kumbe ni kazi ya mikono, na haina likizo.

Tukahamia upande wa bahari, kwenye mabwawa mapana ya maji ya kina kifupi yenye visiwa vidogo. Yalitengenezwa miaka ya 1960 chini ya mlinzi wa eneo hilo, Bert Axell, ili ndege wa majini wapate mahali pa kutaga na kulisha. Avoseti walikuwa wamejaa: weupe, wana mabaka meusi na miguu mirefu ya buluu, na mdomo mwembamba uliopinda kuelekea juu. Nilimtazama mmoja kwa muda mrefu. Alitembea akiufagiza mdomo majini, kushoto, kulia, akinasa vidudu bila kuviona, kwa kuvigusa tu.

Ndege huyu hakuwa na makazi ya kuzalia Uingereza kwa takriban karne moja. Mwaka 1940, kwa hofu kwamba majeshi ya Ujerumani yangeshuka ufukweni, malisho ya pale yalifunikwa maji makusudi. Vita vikaisha, na mwaka 1947 avoseti wakataga kwenye pwani hiyo ya Suffolk. Mwaka huohuo RSPB, shirika la Uingereza la kulinda ndege, likaanza kuitunza Minsmere, na leo avoseti ndiye nembo ya shirika hilo. Shirika lenyewe lilianzishwa na wanawake mwaka 1889, wakipinga ndege kuuawa kwa ajili ya manyoya ya kupambia kofia. Nawaheshimu sana akina mama wale.

Adhuhuri nikaona jambo ambalo sitalisahau. Juu ya matete palikuwa na ndege mbuai, jamii ya mwewe wa mabwawani. Dume alikuja na mawindo, akaita. Jike akainuka kutoka kiotani, akajigeuza chali hewani, na dume akadondosha windo. Jike akalidaka kwa kucha. Mwaka 1971 kilibaki kiota kimoja tu cha ndege hawa nchini, hapohapo Minsmere. Dawa za kuulia wadudu mashambani, DDT ikiwamo, zilikuwa zimefanya maganda ya mayai yao kuwa membamba yakavunjika.

Sasa kekeo. Huyu ni wetu pia. Jike huvizia kiota cha ndege mdogo wa matete, akatoa yai moja, akataga lake, na kuondoka ndani ya sekunde chache. Kinda lake, likiwa bado halijaota manyoya, husukuma nje mayai mengine kwa mgongo. Kekeo wazima huanza kuondoka Uingereza mwezi Juni, na kinda hufuata baadaye peke yake, bila kuwahi kuwaona wazazi wake.

Tangu mwaka 2011 BTO, shirika la Uingereza la utafiti wa ndege, limekuwa likiwafunga kekeo vifaa vidogo vinavyowasiliana na setilaiti. Ikabainika kwamba huvuka Sahara na kukaa miezi ya baridi katika misitu ya bonde la Kongo. Njia ni mbili, ya Hispania na ya Italia, na waliopita Hispania walikufa wengi zaidi. Kekeo wa Uingereza ya kusini, ambako wanapungua, ndio wanaopenda njia hiyo. Ramani za safari zao ziko wazi kwenye intaneti. Kuanzia Julai mnaweza kufuatilia ndege mmoja mmoja akivuka jangwa, na wenzetu mtakaokuwa Kongo mwezi Novemba, chukueni darubini muwatafute.

Karibuni maswali.